Mashahidi wa Kompyuta ya Mzee Bukuru

Kwenu vijana wa chumba cha kompyuta. Siku ya kuniaga mliniomba niseme maneno mawili nikashindwa, kwa sababu kinywa kilikuwa kimejaa pilau, na mimi sikulelewa kuiacha pilau ipoe. Sasa nimekaa nyumbani mwezi wa pili, kuku nimewahesabu mpaka wamenichoka, na nimeona heri niyaandike yale ambayo ningeyasema. Vyeo sitavitaja. Mshahara nao sitautaja, maana hata ulipokuwa mkononi haukuwa na mengi ya kusimulia. Nitawaeleza tulivyoanza huku kwetu, Kibondo na Kasulu, miaka ya tisini, wakati kompyuta za wilaya nzima zingeweza kukaa kwenye meza moja ya kulia chakula na sahani bado zikapata nafasi.

Mniwie radhi kama maandishi yanakwenda upogo. Kila nikiikumbuka miaka ile nacheka, na mume wangu ameshatoka chumbani mara mbili kuja kuniuliza kama nina homa.

Nilianza kazi nikiwa mpiga chapa. Ofisi yetu pale Kibondo ilikuwa ya shirika la misaada lililohudumia kambi za wakimbizi, na kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya mashine ya taipu na kupiga barua ileile mara nne kwa sababu karatasi ya kaboni ilikuwa imechakaa. Kompyuta ya kwanza ilikuja juu ya lori la unga wa mahindi. Tulipoitoa kwenye boksi ilikuwa nyeupe pepepe, na tuliisifu rangi yake mpaka nilipopitisha kitambaa na unga ukatoka. Mkuu wa ofisi akauliza nani anajua kuiwasha. Kisha akauliza tena, nani haogopi kuiwasha. Nikanyoosha mkono, nikiwaza ile kaboni. Wengine huupata utaalamu chuoni. Mimi niliupata kwa kunyoosha mkono.

Siku hiyo niliibonyeza, ikanguruma, halafu ikalia tii. Ofisi nzima ilitoka nje kwa mlango mmoja. Mlinzi akaingia na rungu lake, akaizunguka meza kwa tahadhari.

"Dada Koleta," akaniuliza, "nianzie wapi?"

Nikamwambia asianzie popote. Kile kioo cheusi kilikuwa kimeandika mstari mmoja wa herufi nyeupe na kunisubiri, na mimi nilikaa mbele yake kwa adabu, magoti yamebanana, kama niko kwenye usaili. Nilikaa hivyo mpaka saa ya chai. Sikuwa nimejua bado kwamba inaweza kusubiri milele bila kukasirika.

Programu siku hizo zilikuja kwa disketi. Zetu zilikuwa ishirini na moja katika boksi moja, kila moja na namba yake, na kompyuta ilikuwa inaziomba moja baada ya nyingine. Nilipotumwa kuingiza programu ya kuandikia, nikalikuta boksi tupu. Nikamwendea mtunza stoo, mtu mwaminifu sana, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akipokea maboksi na kugawa kilichomo. Akanifungulia daftari lake akiwa ametulia kabisa. Alikuwa amezigawa. Kitengo cha afya disketi saba, kitengo cha maji saba, kitengo cha elimu saba, na kila kitengo kimesaini. Watu wa maji walikuwa wameshaandika malalamiko kwamba disketi zao hazifanyi kazi na kwamba watu wa afya wamependelewa kwa kupewa namba moja. Nilizunguka kambini siku mbili nikizikusanya, na elimu wakakataa kutoa zao mpaka niwaletee barua.

Mwalimu wangu alikuwa Mkongo, fundi redio kutoka ng'ambo ya ziwa, aliyekuwa akiishi kambini. Tulimwita Papa Anselme. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, na alicheka vichekesho vyake mwenyewe kabla ya kuvimaliza, kwa hiyo vingi sikuwahi kujua vinaishaje. Ofisi ilimchukua kama kibarua wa kutengeneza redio za upepo, zile za kuitana kati ya ofisi na kambi. Siku moja kompyuta ilipogoma akaja, akafumba macho, akainamisha sikio.

Nilikuwa na bisibisi tayari mkononi. Akanishika kiwiko.

"Mama Koleta, usiguse kwanza. Sikia. Mashini iko nasema, ni weye haupendi kusikia."

Ni yeye aliyenifundisha kugusa chuma kabla ya kugusa matumbo ya mashine, ili umeme ulioko mwilini uishie hapo. Alinifundisha kutoa vumbi kwa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli, na ninyi mnaoletewa makopo ya hewa kutoka mjini jueni kwamba pampu ya baiskeli haiishi. Vumbi la Kibondo ni jekundu na linaingia hata kwenye mawazo. Lakini somo lake kubwa lilikuwa la kuhoji. Alisema ukifika kwa mgonjwa usiulize mashine ina nini. Muulize mwenye mashine alifanya nini kabla haijagoma.

"Mutu atakuambia hakufanya kitu," alisema, akaanza kucheka. "Ile kitu hakufanya, ndiyo ile."

Nililishuhudia hilo mwaka huohuo. Zilipokuja programu za CD tulishangilia, kwa kuwa hapakuwa tena na cha kugawa. CD ya kwanza ikaletwa mezani kwangu, nikaiweka, kompyuta ikaikataa. Nikaiweka tena, ikakataa tena, ikitoa sauti ya mtu anayesafisha koo. Nikaitoa, nikaigeuza. Upande ule unaong'aa, katikati kabisa, kulikuwa na mhuri wa zambarau: IMEPOKELEWA, na tarehe. Nikaenda masijala, nikamuuliza karani amefanya nini. Akasema hakufanya kitu. Nikamwonyesha ule mhuri.

"Ah, huo," akasema. "Kila kinachoingia kinapigwa mhuri, dada. Upande wa pili ulikuwa umejaa maandishi, hapakuwa na nafasi."

Siwezi kusema alikosea; taratibu za masijala anazijua yeye. Nikaomba spiriti zahanati, nikaufuta kwa pamba, nikianzia katikati kwenda nje, maana ukifuta kwa kuzunguka utaichubua kwa kufuata mstari unaosomwa na haitasoma tena. Nusu saa baadaye programu iliingia bila tatizo. Karani akanifungulia faili jipya la kompyuta, na jambo la kwanza kuingia humo ikawa ripoti yangu kuhusu mhuri, nayo imepigwa mhuri.

Mume wangu alipohamishiwa Kasulu nilihama naye, nikapata ofisi ndogo pale mjini. Kompyuta za majumbani zilikuwa tatu, na zote nilizifahamu kama mganga anavyofahamu wagonjwa wake. Moja ilikuwa ya Mzee Bukuru, na kisa chake ndicho hasa kilichonifanya nishike kalamu.

Mzee Bukuru alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Alisoma hapa, akapata uraia hapa, akawa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka thelathini. Mkewe, Mama Editha, alikuwa na shamba la mihogo na maharage kule Makere, na mikono isiyojua kukaa bure. Jioni alifuma vitambaa. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Editha, muuguzi aliyekwenda kufanya kazi Ulaya. Editha ndiye aliyewatumia kompyuta ile. Mzee aliitumia kuandika barua za maombi, ambazo baadaye alizinakili kwa mkono na kuzipeleka posta.

Basi mwaka mmoja, mwishoni mwa miaka ya tisini, ikaja bahasha kutoka kwa Editha. Ndani mlikuwa na barua na CD moja. Barua ilisema ameolewa, kanisani, huko huko, na kijana aitwaye Tito aliyekutana naye ugenini, kumbe ni mtoto wa kijiji cha Titye, hapa hapa karibu. Harusi iko kwenye CD. Ameituma ya kompyuta, si mkanda, kwa sababu mkanda ungechezwa kwenye kibanda cha video sokoni na mji mzima ungemwona kabla ya mama yake. Na wazee wa Tito kutoka Titye watafika Jumapili, na mtungi wa pombe ya ndizi, kufanya lile lililotakiwa kufanyika kwanza, yaani kuomba.

Niliitwa Jumanne. Nikamkuta Mzee Bukuru mlangoni, nikamwamkia, akanivuta pembeni.

"Mimi sina neno," akasema. "Mwenye neno ni mama yake."

Mama Editha alikuwa anapepeta maharage, na hakuinua uso.

"Sikatai mtu," akaniambia. "Lakini barua, mwanangu, hata mtu mwingine anaweza kuiandika. Na picha, mtu anasimama tu kama mlingoti. Nataka nimwone anavyotembea. Nijue kama ni yeye aliyetaka. Nisipomwona kabla ya Jumapili, hao wa Titye watarudi na mtungi wao."

Mnajua wenyewe maana ya mtungi kurudi umejaa. Wazee wasingerudi mara ya pili kuaibishwa, na Editha kwa desturi angebaki mtu aliyejiondokea, asiye na mlango wa kuingilia anaporudi nyumbani. Mzee Bukuru alilijua hilo na uso wake ulilionyesha. Kwa hiyo nilipoketi mbele ya ile kompyuta sikuwa nimekuja kutengeneza mashine tu.

Umeme ulitoka kwa jirani, Balozi Saidi, mwenye duka na balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye jenereta lake lilitupa waya kupitia juu ya ua. Liliwashwa saa tisa mchana na kuzimwa magharibi. Nikaiweka CD. Kompyuta ikaisoma vizuri, ikaonyesha faili la harusi, halafu ikasema haina kitu cha kulifungulia. Hilo ni tatizo dogo. Nilikuwa na programu ya kuchezea video kwenye mkoba. Nikaanza kuiingiza nikijua nusu saa inatosha, na Mama Editha akaacha maharage akaja kuketi kwenye mkeka.

Ndipo yakatokea yale maandishi marefu ya Kiingereza mnayoyajua, na kitufe cha kukubali chini yake.

"Hapa unabonyeza tu, Mzee," nikasema.

"Nabonyeza nini?"

"Kwamba umekubali."

"Nimekubali nini?"

Nilikuwa nimebonyeza kitufe kile Kibondo zaidi ya mara hamsini na sikuwahi kujua nimekubali nini. Pengine nilikwishaliuza shamba la baba.

Mzee Bukuru akausogeza mkono wangu taratibu kutoka kwenye kipanya.

"Mwanangu, nimekaa mahakamani miaka thelathini," akasema. "Nimeona watu wakiweka dole gumba chini ya maneno wasiyoyasoma, wakirudi nyumbani shamba si lao. Huu ni mkataba. Mkataba unasomwa."

Akaleta kamusi. Akavaa miwani. Jioni hiyo, mpaka jenereta linazimwa, alikuwa amemaliza aya mbili, na mkewe alikuwa amerudi kwenye maharage yake. Jumatano akaona ni kupoteza umeme kusoma kwenye kioo, akaanza kuunakili mkataba wote kwenye fulskepu ili ausome asubuhi. Nilimsihi. Nilimwambia kila mtu duniani anabonyeza tu.

"Ndiyo maana dunia ina kesi nyingi," akanijibu.

Alhamisi nilimkuta amefika kipengele cha nne na macho yanang'aa.

"Sikiliza hapa, Koleta. Hawawajibiki kwa hasara yoyote. Yoyote! Hawa watu wana mwanasheria mzuri sana."

"Baba Editha," sauti ikatoka jikoni, "mwanangu amefungiwa kwenye chuma hicho, nawe unamsifu mwanasheria."

Ijumaa akamaliza. Kurasa kumi na moja, mwandiko wa mahakama, umenyooka kama matuta. Nikadhani sasa atabonyeza. Akaniambia mkataba hauna nguvu bila mashahidi, na akamtuma mtu kwa Balozi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu nikakumbuka Jumapili, nikaacha.

Jumamosi saa tisa, jenereta lilipowaka, Balozi Saidi akaja amevaa kanzu safi na mhuri wake ndani ya kikopo. Akapewa kiti. Akausoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, kama viongozi wote, kisha akatazama huku na huku chumbani.

"Upande wa pili uko wapi?" akauliza.

"Upande gani, Balozi?" nikasema.

"Mkataba una watu wawili. Bukuru namwona. Mwenzake yuko wapi? Mimi siwezi kushuhudia mtu anakubaliana peke yake."

Mzee Bukuru akatikisa kichwa kwa kukubali. Akasema hoja hiyo hata yeye ilimsumbua usiku. Nikaeleza kwamba wenzetu hao wako mbali, ng'ambo ya bahari, na wameshakubali.

"Kwa mdomo?"

"Kwa maandishi, Balozi. Ndiyo haya hapa kwenye kioo."

Balozi akasimama, akakisogelea kioo, akayatazama yale maandishi kwa heshima. Halafu akafungua kikopo, akaupiga mhuri wino, akaunyanyua. Nilijitupa mbele ya kile kioo kwa mwili mzima. Sijawahi kukimbia hivyo tangu shule. Mhuri ulinipata kwenye mkono wa gauni, na gauni hilo ninalo mpaka leo, nyumba kumi za Kasulu zikishuhudia kwamba mimi ni halali. Tukauelekeza mhuri wa pili kwenye fulskepu. Mzee akasaini, Balozi akasaini, nami nikasaini chini yao kama fundi. Karatasi zikafungiwa sandukuni. Ndipo Mzee Bukuru akajifuta mkono kwa leso, akaweka dole gumba juu ya kipanya, dole gumba hasa, na kubonyeza kwa uzito wa mahakama nzima.

Mstari wa buluu ukaanza kutambaa. Ulipofika mwisho tulipiga makofi wote, hata Mama Editha.

Nikafungua faili. Kanisa likaonekana, watu wakaonekana, lakini walitembea kwa kustuka, hatua moja, kimya, hatua mbili. Kompyuta ilikuwa haina nguvu ya kusoma CD na kuchora picha kubwa kwa wakati mmoja. Nikafuta michezo miwili iliyokuja na mashine, nikalinakili faili lote ndani, halafu nikaipunguza picha mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Hapo wakaanza kutembea kibinadamu. Tukabanana kuitazama vichwa vinne vikigusana, na Balozi akauliza kama huko Ulaya watu ni wadogo hivyo.

Mlango wa kanisa ukafunguka. Kitu cheupe kikaonekana mlangoni. Kisha picha ikaganda.

Nikaizima, nikaiwasha. Kanisa, watu, mlango, kitu cheupe, ikaganda. Mara ya tatu haikufika hata mlangoni. Mama Editha alinyanyuka akaenda kusimama dirishani, ametupa mgongo, na niliona mabega yake yanatikisika. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka na kesho ilikuwa Jumapili.

Nikafumba macho, nikasikiliza. Ndani ya mashine feni ilikuwa inahema kama mtu aliyefunikwa blanketi. Nikauliza kile nilichofundishwa kuuliza.

"Mama, hii mashine mmeifanya nini tangu Jumanne?"

"Hatukuifanya kitu," akasema bila kugeuka.

Nikaitazama upya. Kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja, Mama Editha alikuwa ameivalisha. Alikuwa ameishonea kanzu kamili ya kitambaa cha kufuma, yenye maua ya manjano, mbele wazi, nyuma na ubavuni imebana, na kila tundu la kupumulia limezibwa na petali. Nikaigusa; ilikuwa ya moto kama chungu. Nikaomba ruhusa ya kuivua.

Akageuka, na kwa mara ya kwanza wiki ile akanikasirikia. "Wa Titye waikute uchi?"

"Mama, inakosa pumzi. Tuikunje, tuiweke chini yake, iwe kama mkeka. Maua yataonekana vizuri."

Akafikiri. Akaja, akaivua mwenyewe, polepole, kama anamvua mtoto nguo ya kanisani. Tukaipepea kwa sinia la kupepetea kwa dakika kumi, Mzee upande huu na Balozi upande ule. Nikachomeka vizuri na waya wa spika, uliokuwa umeingizwa kwenye tundu la kipaza sauti. Nikaicheza.

Mlango ukafunguka, na Editha akaingia. Alitembea. Sijui nisemeje zaidi ya hapo. Alitembea kwa mwendo wa mtu anayekwenda anakotaka, mbele kidogo ya msindikizaji wake, mpaka yule mzee akalazimika kuharakisha. Mama Editha akatoa sauti ndogo kooni na kukaa chini. Harusi ikapita yote bila kukwama hata mara moja, na mimi nilikuwa natamani kucheza humo chumbani.

Halafu mwishoni, baada ya nyimbo, akaonekana Editha peke yake kwenye kona ya ukumbi, ameketi kwenye kiti, anatutazama.

"Mama, mwakeye," akaamkia kwa lugha ya nyumbani.

Mama Editha akapiga makofi mawili mepesi, akavuta pumzi ya kuitikia. Lakini Editha alikuwa ameshafika kwenye baba hajambo, na mvua zinanyesha.

"Anakimbilia wapi?" Mama akasema. "Koleta, msimamishe. Hajanisubiri niitikie."

Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha, ambacho mpaka siku ile nilidhani kimewekwa kwa ajili ya kwenda chooni. Editha akatulia, mdomo nusu wazi. Na Mama Editha akaitikia. Akaitikia ya nyumbani, ya majirani, ya bibi na mguu wake, ya mihogo ya Makere, ya mvua iliyochelewa na ile iliyozidi. Alipomaliza yote akaniashiria kwa kidevu.

"Haya, aendelee."

Tukaenda hivyo. Editha akisalimu, nasimamisha. Mama akiitikia, naendeleza. Baba akaitikia sehemu yake. Editha aliposema salamu kwa majirani wote, Balozi akainua mkono na kusema, "Tupo, mwanangu, tupo wazima." Nilikuwa nacheka na pua inanitiririka, na hakuna aliyenishangaa. Katika kazi yangu yote sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Kisha Editha akaacha kutabasamu. Akainamia mikono yake.

"Mama," akasema, "najua nilianza safari kabla ya kuaga. Tito yuko pale nyuma, nimemwambia asisogee mpaka nikuulize. Unaniruhusu, Mama?"

Sikungoja kuambiwa. Nikabonyeza.

Mama Editha akasogeza mkeka karibu. Akaitazama ile sura ndogo kwa muda mrefu, upande huu, upande ule, kama anavyotazama mbegu kabla ya kuipanda.

"Amenenepa," akasema hatimaye. "Na macho yametulia."

Akainuka akasimama wima, akajifunga kitenge upya. Akanyoosha mkono, akauweka juu ya kioo kidogo, palepale ambapo kichwa cha mtoto kingekuwa.

"Imana iguhezagire, mwana wanje," akasema, na akaendelea kwa lugha ya kwao, polepole, bila kuruka neno, na Mzee Bukuru akaitikia "ego, ego" kila aliposhusha pumzi. Baraka ile ilikuwa ndefu kuliko mkataba. Alipomaliza, akamgeukia mumewe.

"Kesho wakifika hao wa Titye, waambie waingie."

Kisha akanitazama mimi.

"Haya, Koleta. Mwachie mtoto aende."

Sikuwa naona vizuri. Nilikitafuta kile kitufe kwa kupapasa. Editha alikuwa ameacha kimya kifupi hapo, kinachotosha jibu la mtu wa Ulaya. Kikapita. Akainua uso, akacheka, akakusanya gauni lake kwa mikono miwili, akaenda kule nyuma kwa Tito.